Siku Mwalimu Nyati Alipoambiwa Mikono Juu

Hapo zamani za kale, madogo, zamani ile Kobe bado anakimbia na Konokono hajahamia kwenye gamba lake, wanyama wa Migungani walikuwa wanaishi kama sisi tu. Wana majiko, wana foleni ya maji, wanagombania kivuli. Na walikuwa na shule moja.

Mkuu wa shule ile alikuwa Nyati. Nyati mkubwa! Akipita dirishani, darasa zima linaingia giza. Akikohoa, "Hrrrmf!", chaki zinadondoka.

Sasa Mwalimu Nyati alikuwa na sheria yake, ameiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa rejista na kuipigia mhuri wa kwato, dhu! Sheria ya makosa matatu. Ukikosa mara ya kwanza, mikono juu, na swali linalofuata utalijibu mikono ikiwa huko huko juu. Ukikosa mara ya pili, unahamia nyuma kabisa. Mara ya tatu jina lako linafutwa, shule basi.

Ukifutwa unapelekwa mwambani kulinda tai. Yaani unakaa juu ya jiwe toka jua linachomoza mpaka linazama, unatazama angani. Tai akitokea unapiga kelele. Asipotokea, umekaa. Basi. Hiyo ndo kazi, mpaka uzeeke.

Na kwenye shule ile alikuwepo mtoto mmoja mdogo, anaitwa Pimbi.

Mnamjua pimbi? Mnyama kama sungura aliyekatwa masikio, anakaa kwenye mawe. Huyu wetu alikuwa na mdomo mwepesi, miguu myepesi, ila tebo ya saba ilimshinda. Kila muhula Mwalimu anamsimamisha mara moja, anaanza vizuri kabisa: saba mara moja, saba, saba mara mbili, kumi na nne... Anaserereka mpaka saba mara saba. Akifika saba mara nane, kimya. Halafu anabahatisha.

"Hamsini na nne!"

"Hrrrmf! Kosa!"

Muhula wa kwanza alikosa, akanyooshwa mikono. Muhula wa pili akakosa tena, mikono iko juu, akahamishiwa nyuma, akawekwa nyuma ya mtoto wa Tembo. Toka siku hiyo Pimbi hajaona ubao. Anaona matako ya mtoto wa Tembo tu.

Kwa hiyo lilikuwa limebaki kosa moja. Kila asubuhi mama yake anamlamba manyoya ya kichwani yalale vizuri, anamwambia, "Leo usikose, mwanangu." Hasemi kingine. Pimbi anajua mama anawaza lile jiwe la tai.

*

Sasa muhula ule wa tatu ndo likaingia gemu.

Aliyekuwa nalo ni Mama Kicheche, mpika uji wa pale njia panda. Kalitoa wapi? Mama Kicheche hasemi. Lilikuwa boksi lenye kioo mbele, ndani vimulimuli wanawaka kwa zamu, na waya mmoja mrefu wenye padi ya kubonyezea. Ukimletea Mama Kicheche ndoo ya maji, unacheza.

Gemu lenyewe linaitwa Dundu Vuka. Kuna mdudu dundu anasukuma tonge lake la kinyesi, ti-ti-ti-ti, anatakiwa avuke madaraja. Ukikosea anatumbukia mtoni, chubwi! Halafu sauti laini inatoka kwenye boksi: "Pole! Jaribu tena!" Ukivuka: "Tiririririii!"

Basi tu. Lakini mji mzima wa watoto ulichanganyikiwa! Mtoto wa Swala haogi. Mtoto wa Kongoni anaota anabonyeza. Mapacha wa Nguchiro walikuwa wanajibizana njia nzima:

"Daraja la nne unasubiri ndege apite!"

"Wee, unapita chini yake!"

"Nimekufa pale mara thelathini, unanifundisha nini?"

"Mimi sitini!"

Na wanajisifia, mnaona? Kufa mara sitini ilikuwa sifa.

Mwalimu Nyati akaanza kuona madawati matupu. Akamwita kiranja mkuu, Ngiri.

Ngiri huyu, jamani! Sare imenyooka, mkia umesimama wima kama fimbo ya bendera. Ndo mtunza rejista, na hajawahi kumsamehe mtu. Mwaka mmoja alijiandika mwenyewe kwa kuchelewa, na alichelewa kwa sababu alikuwa anaandika waliochelewa.

"Ngiri, watoto wako wapi?"

"Kwa Mama Kicheche, Mwalimu. Wanacheza gemu."

"Twende."

*

Jioni ile, jua bado lipo, watoto wamejazana kibandani kama maharage kwenye chungu. Ghafla ardhi ikaanza. Gdu! Gdu! Gdu!

"Oyaa! Mwalimu!"

Fyuuu! Wengine dirishani, wengine chini ya meza, mtoto wa Tembo akatoka na ukuta. Kufumba na kufumbua kibanda kitupu. Kabaki Mama Kicheche na mwiko wake, na Pimbi kakaa chini, macho kwenye kioo, padi mkononi, hajasikia kitu.

"Hrrrmf."

"Subiri kidogo," Pimbi akasema bila kugeuka. "Niko daraja la kumi na tisa."

Mama Kicheche akafunika sufuria, akageukia ukutani.

"Wewe Pimbi!"

Chubwi! Dundu kaingia mtoni. "Pole! Jaribu tena!" boksi likasema.

Pimbi akageuka polepole, akaona miguu minne kama minazi. Akainuka. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekosa mara ngapi leo hapa?"

"Leo? Arobaini na mbili, Mwalimu. Ukiweka na hii, arobaini na tatu."

Mwalimu Nyati akashangaa kweli. "Arobaini na tatu! Na huoni aibu? Darasani umekosa mara mbili tu, unatembea umeinamisha kichwa. Huku makosa arobaini na tatu, umekaa unachekelea?"

Pimbi akataka kujibu, akaona bado. Jibu alikuwa nalo, ila alikuwa hana wa kulisikiliza.

"Sasa sikiliza," Mwalimu akasema. "Hili boksi nalichukua. Na kesho asubuhi mstarini, mbele ya shule nzima, utasema tebo ya saba. Ukikosa, Ngiri anafuta."

"Nafuta," Ngiri akasema, akaandika.

Pimbi akaliona lile jiwe. Akamwona na mama yake anamlamba kichwa. Lakini nimewaambia, huyu miguu yake myepesi, na akili yake nayo haikai chini.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "kweli hili gemu ni la kijinga."

"Eh?"

"La kijinga kabisa. Kama mimi, bichwa tupu, nimefika daraja la kumi na tisa, mtu kama wewe si unamaliza yote kabla uji haujapoa?"

"Hilo halina ubishi," Mwalimu akasema, akatikisa shingo.

"Ila ukilichukua kimya kimya, watoto watalisifia mpaka wazeeke. Watasema Mwalimu kaliogopa."

"Nani kaliogopa?!"

"Si mimi, Mwalimu! Wao! Sasa mimi naona hivi: kesho mstarini, kabla sijasema tebo, wewe cheza. Vuka madaraja matatu tu, mbele yao. Wakiona Mwalimu kavuka kama anavuka kizingiti cha mlango, nani atalitaka tena?"

Mwalimu Nyati akatafuna kidogo, kama wanavyotafuna nyati wakifikiri. Akatabasamu. "Pimbi, ungekuwa unatumia akili hiyo kwenye tebo, ungekuwa mbali."

"Asante, Mwalimu. Kuna kitu kimoja tu."

"Sema."

"Mstarini ni shuleni. Wambea wasije wakasema mstari mmoja una sheria mbili, ya kwako na ya kwetu."

"Sheria ni moja!" Mwalimu akanguruma. "Sheria yangu ni ya kila mtu anayesimama mstarini! Ngiri, lete rejista. Andika hivyo hivyo."

Ngiri akaandika, kalowesha na kalamu kwa ulimi. Mwalimu akanyanyua kwato. Dhu! Mhuri.

Mama Kicheche pale ukutani akaanza kukohoa. Hakuwa na kikohozi.

*

Asubuhi kengele ikalia, ngaa! ngaa! ngaa! Shule nzima mstarini. Wazazi wengine wamesimama kwenye uzio, mama yake Pimbi akiwemo, kashika waya wa uzio kwa mikono miwili. Boksi limewekwa juu ya meza.

"Watoto," Mwalimu Nyati akasema, "leo mtaona kitu mnachokikimbilia kilivyo chepesi. Kaeni kimya mjifunze."

Akashika padi. Kwato kubwa, padi ndogo. Kabonyeza.

Ti-ti-ti-ti... dundu anakwenda, tonge mbele. Daraja la kwanza hilo hapo, mbao zimepangwa. Ubao wa kwanza, sawa. Ubao wa pili...

Krak! Chubwi!

"Pole! Jaribu tena!"

Mwalimu akacheka kidogo. "Hiyo nilikuwa naijaribu tu." Akataka kubonyeza tena.

"Mwalimu."

Ni Ngiri. Kasimama wima, mkia juu, rejista mkononi.

"Nini?"

"Mikono juu."

Mtoto wa Swala akajiziba mdomo.

"Ngiri, unajua unaongea na nani?"

"Naongea na aliyekosa mara ya kwanza, Mwalimu. Imeandikwa. Ina kwato yako hapa." Akamwonyesha.

Mwalimu Nyati akautazama mhuri wake. Ulikuwa mhuri mzuri, mkubwa, haukataliki. Akasimama kwa miguu ya nyuma, gdu, akanyanyua ya mbele juu. Uzio mzima wa wazazi ukainama kutafuta vitu ambavyo havijadondoka.

"Haya," akasema. "Sasa nitabonyezaje na mikono iko juu?"

"Sijui, Mwalimu," Pimbi akajibu. "Mimi mwenyewe nilijiuliza hivyo hivyo."

Mwalimu akainama, akabonyeza kwa pua. Pua ya nyati, jamani, ni kama chapati! Inabonyeza vitufe vyote kwa mpigo. Dundu kazunguka, karudi nyuma, kapiga sarakasi, chubwi!

"Pole! Jaribu tena!"

"Kosa la pili," Ngiri akasema. "Nyuma kabisa, Mwalimu."

"Ngiri!"

"Nyuma ya mtoto wa Tembo."

Akaenda! Angefanyaje? Alisema mwenyewe, sheria moja. Waya wa padi ukavutwa ukanyooka, ukafika kwa shida. Mwalimu Nyati kasimama nyuma ya mtoto wa Tembo, mikono juu, padi mdomoni, anachungulia kulia, anachungulia kushoto.

"Sioni kitu huku!"

"Hata mimi sionagi, Mwalimu," Pimbi akasema. Hakusema kwa kejeli. Alisema kawaida tu, kama mtu anayekwambia leo kuna upepo. "Muhula mzima nasoma ubao kwa masikio."

Mwalimu akachungulia tena. Kisha akabonyeza.

Ti-ti-ti... Ubao wa kwanza. Huku nyuma kasikia watoto wananong'ona, "Ngoja, ngoja, ngoja..." Lakini kungoja nini, haoni. Krak! Chubwi!

"Pole! Jaribu tena!"

Ngiri akafungua rejista. Akalowesha kalamu. "Kosa la tatu. Nyati, Mwalimu Mkuu. Nafuta..."

"Acha! Acha kwanza!" Mwalimu akaja mbio kutoka nyuma, gdu-gdu-gdu, padi bado inaning'inia mdomoni, kaitema. "Usifute! Mimi najua sasa! Ule ubao wa pili umelegea! Hautakiwi kuukanyaga, unangoja tonge lipite, halafu unaruka! Najua kabisa! Nipe mara moja tu, navuka!"

"Umejuaje, Mwalimu?" Pimbi akauliza.

"Si nimeanguka pale! Nimeanguka mara tatu, nitaachaje kujua?"

Akasikia alichokisema.

Shule nzima ikakisikia pia. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu Nyati akamtazama Pimbi. Pimbi mdogo, kichwa kimelambwa vizuri, hakimbii.

"Ulijua nitaanguka."

"Kila mtu anaanguka pale, Mwalimu. Limetengenezwa hivyo. Unaanguka, linakupa pole, unarudia. Jana umeniuliza kwa nini sioni aibu kukosa mara arobaini na tatu." Akainua kichwa. "Kwa sababu mara ya arobaini na nne ilikuwepo."



"Mwalimu," Ngiri akasema taratibu, "kalamu inakauka. Nifute au?"

Mwalimu Nyati akaitazama rejista. Akatazama lile jiwe la tai kule mbali, vile vichwa vidogo vimekaa juu, vinatazama angani. Aliwafuta yeye wote, na majina yao anayakumbuka.

"Futa," akasema.

Mama yake Pimbi akaziba macho kule kwenye uzio.

"Futa sheria," Mwalimu akamalizia. "Ukurasa wa kwanza wote. Na atumwe mtu mwambani akawaite wale watoto wateremke."

Ngiri akasimama palepale. Hajawahi kufuta sheria maisha yake yote. Kisha akafuta, mstari mmoja mmoja, kwa rula.

"Sasa nipeni padi yangu," Mwalimu akasema. "Mikono chini, na nikae mbele."

Krak! Chubwi! "Pole! Jaribu tena!" Watoto wakaanza kumsaidia: "Bado, Mwalimu, bado... sasa!" Chubwi! Mtoto wa Swala kamshika kwato, kamwonyesha pa kubonyeza. Chubwi! Mara ya saba tonge likapita, dundu akaruka, hop!

"Tiririririii!"

Mwalimu Nyati akaruka na yeye! Aliposhuka, meza ikavunjika miguu. Mama Kicheche akaliwahi boksi.

*

Mnadhani Pimbi alisamehewa tebo? Thubutu!

"Pimbi," Mwalimu akasema, pumzi zinamwishia, huku watoto wanalitoa nje dawati la kwanza la darasani. "Njoo mbele. Kaa hapa, kwenye dawati la kwanza. Saba mara moja."

Pimbi akaanza. Saba, kumi na nne, ishirini na moja... Akaserereka mpaka arobaini na tisa. Akasimama.

"Saba mara nane," Mwalimu akasema.

"Hamsini na nne."

Shingo ya Nyati ikavimba. Ile "Hrrrmf" ikaja mpaka kooni, watu wote waliiona inapanda. Akaimeza, gluu. Akasema kwa sauti ambayo haijawahi kusikika Migungani:

"Pole. Jaribu tena."

"Hamsini na tano?"

"Pole. Jaribu tena."

Pimbi akatazama chini. Na sasa, madogo, kumbukeni, safari hii mikono yake haikuwa juu. Pimbi ana vidole vinne mguu wa mbele, vitatu mguu wa nyuma. Kazaliwa navyo. Akaweka mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma pamoja pale kwenye dawati, akavitazama, macho yakamtoka.

"Ni saba!" akasema. "Mwalimu, ni saba! Ninayo saba hapa!"

Akaanza toka arobaini na tisa, anagusa kidole kimoja kimoja. "Hamsini. Na moja. Na mbili. Na tatu." Akahamia nyuma. "Na nne. Na tano. Na..." Kidole cha mwisho. "Hamsini na sita!"

Boksi lilikuwa limezimwa. Lakini shule nzima, na wazazi wa kwenye uzio, na Ngiri mwenyewe, wakafungua midomo:

"Tiririririii!"

Mama yake Pimbi aliruka uzio.

Toka siku hiyo gemu likarudi kwa Mama Kicheche, watoto wanacheza wakishatoka shule. Na ukipita pale saa za uji, utakuta Pimbi kakaa chini, na pembeni yake kuna mgongo mkubwa mweusi umeinama, mtu anauliza kwa sauti ya chini, "Hapa daraja la nne, dogo, ndege anapita juu au chini?"

Basi dundu wangu kashavuka, nami tonge langu naliacha hapa: anayekosa akipewa nafasi ya kurudia, kosa lenyewe ndo linamfundisha.